Mrija Ndani ya Jiwe la Akwilina

Kabla hamjagusa swichi ya mashine yoyote, wanangu, lilowesheni jiwe. Jiwe kavu ni bubu. Likilowa tu, rangi zinatoka, mistari inaonekana, na kama ndani yake amelala mnyama wa zamani, utamwona ubavu. Ninyi mna chupa za kunyunyizia maji. Sisi tulitumia ulimi, na ndiyo maana mpaka leo naweza kuwaambia jiwe la Lindi na jiwe la Tanga yanatofautianaje kwa ladha. Msiige. Baadhi ya mawe yana sumu, na hilo nalo nililijua baada ya kuumwa tumbo wiki nzima.

Jina langu Somoe. Nimekata mawe miaka thelathini na minne kwenye karakana moja tu, pale Mchafukoge, hatua chache kabla hujaingia Kariakoo yenyewe. Mbele tulikata meza, vizingiti na vibao vya makaburi. Nyuma kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha, na humo tulikata mawe ya wajiolojia. Mtu anakuja na jiwe lake, anataka kuona lilivyo ndani, wewe unamfungulia. Chumba hicho cha nyuma kilikuwa changu. Walimu wenu wameniomba niwaandikie niliyojifunza humo. Mengi niliyajifunza kwa kuharibu, kwa hiyo acha nianze na uharibifu.

Mwaka wangu wa pili kazini, mteja mmoja alileta jiwe la chokaa lenye magamba ya baharini, akataka magamba yatolewe yakiwa mazima. Nilikuwa nimemsikia tajiri yangu, Mzee Harilal, akisema kwamba asidi hula jiwe na kuliacha gamba. Nilichosikia kilikuwa nusu ya sentensi. Nikalitia jiwe kwenye ndoo ya asidi, nikaenda kula wali maharage kwa mama ntilie wa kona. Niliporudi nilikuta maji meupe kama tui la nazi. Jiwe halipo, magamba hayapo. Nilitia mkono wenye glavu hadi chini nikapapasa, kama mtu anayetafuta kijiko kwenye sinki.

Mzee Harilal alikuja akasimama juu ya ndoo. Hakupiga kelele.

"Ulitia tone kwanza?"

"Tone la nini, Mzee?"

"Tone la siki. Moja kwenye jiwe, moja kwenye gamba. Likichemka huku na kule, basi vyote ni chokaa, na asidi itakula vyote. Asidi ni ya magamba yaliyogeuka gumegume, lile jiwe gumu la kutoa cheche. Haya hayakuwa gumegume."

Mchana ule mteja alikuja. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimejibanza na aproni yangu, nikingoja kusikia jina langu likitajwa. Mzee Harilal akamwambia, "Jiwe lako nimeliharibu. Mimi. Nisamehe." Hakusema msichana, hakusema mfanyakazi. Nililia kwa aibu, kisha nikajiapia kwamba mtu yule hatasema maneno hayo mara ya pili kwa ajili yangu. Alikuja kuyasema mara mbili zaidi, lakini mwaka ule nilijiapia kweli.

Mzee Harilal alizaliwa mtaa ule ule, ukoo wa masonara. Baba yake alitengeneza bangili na vipini, na yeye alianza kwenye dhahabu kabla ya kuhamia kwenye mawe. Alishika kila kitu kisonara, kwa ncha za vidole, pumzi ameibana. Yeye ndiye aliyenifundisha kupumua nje kabla ya kusogeza mkono, na kutokunywa chai ya rangi siku ya kazi ndogo, kwa kuwa chai hutikisa vidole. Nyumbani kwao, mahali pa ibada pa mama yake, palikuwa na jiwe jeusi la mviringo lenye alama ya gamba lililojikunja. Lilitoka milima ya mbali kaskazini ya India. Alinionyesha siku moja, nimesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Hili halikatwi na mtu yeyote," aliniambia. "Kwetu ni kitu cha heshima. Lakini mnyama aliyeacha alama hii ni jamaa wa yale magamba tunayoletewa kutoka Lindi. Ndiyo maana hata yale ya Lindi nataka uyakate kwa adabu."

Ya Lindi ni magamba yaliyojikunja kama tairi, mengine madogo kama kifuniko cha soda, mengine makubwa kama sinia la pilau. Ukiyakata unakuta vyumba vingi vilivyopangana, na kuta nyembamba katikati. La kwanza nililokata peke yangu nilijisifu sana, kuta zilionekana vizuri mno. Mzee Harilal akalitazama, akaniuliza, "Mrija uko wapi?" Sikujua kama kuna mrija. Akanieleza kwamba kwenye magamba haya kuna mrija mwembamba unaopita chumba hadi chumba, toka cha kwanza hadi cha mwisho, na unapita kwenye mstari wa katikati peke yake. Ukikosa katikati kwa unene wa ukucha, utapata kuta zote na mrija usiuone. Nilikuwa nimekosa kwa unene wa ukucha.

Baadaye Mzee Harilal alifariki, Mungu amweke pema, na karakana ikashikwa na mwanawe Kishor. Mashine zikabadilika. Zikaja diski za almasi zinazokata jiwe kama papai, zikaja kalamu za upepo za kuchimbulia, zikaja simu za kupigia picha kila hatua. Yote hayo ni mazuri na nimeyatumia. Lakini kazi kubwa kuliko zote maishani mwangu niliifanya kwa kipande cha kioo cha dirisha, unga wa kusagia na maji ya kikombe. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili nistaafu.

Ilikuwa asubuhi ya mvua za vuli. Dada mmoja aliingia viatu mkononi, sketi imelowa hadi magotini, maana barabara yetu ikinyesha huwa mto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vaa viatu, humu mna vipande vya kioo. Nani amekuelekeza?"

"Wachonga vibao kule mtaa wa Gerezani. Wamesema nikitaka jiwe langu lipasuke nibaki kwao, nikitaka lipone nije kwa Bi Somoe."

Nikampenda hapo hapo. Aliitwa Akwilina, mwalimu kijana wa chuo, mwenyeji wa Songea, anayesoma shahada ya juu. Alifungua kikopo cha dawa, akatoa pamba, na ndani ya pamba jiwe jeusi lisilozidi kipande cha sabuni ya kuogea. Nikalilowesha. Ubavuni kulikuwa na kitu chenye ukubwa wa punje ya hindi, kimepinda kidogo kama ukucha wa paka.

"Hiki nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua, mama. Pweza unamjua?"

"Mimi mtu wa Lindi, unaniuliza pweza?"

Akacheka, akavuta stuli. Akaniambia kwamba pweza, ngisi na dome wote ni ukoo mmoja, na babu wa ukoo huo alikuwa na gamba juu ya mwili. Nikamwambia pweza hana hata mfupa, gamba atalitoa wapi. Akasema ndiyo maana anaitwa babu. Zamani mno, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, kabla hajatokea mnyama yeyote wa kutembea nchi kavu, kulikuwa na mnyama mdogo wa chini ya bahari, wa jamii ya konokono na makombe, aliyetambaa amejifunika gamba lake kama kofia. Alipokua alisogea mbele ndani ya gamba, na nyuma yake akajenga ukuta. Akisogea tena, anajenga ukuta mwingine. Lakini kila ukuta aliuacha na tundu, na kwenye tundu akapitisha uzi wa nyama yake hadi chumba cha mwisho.

"Kwa nini asikate tu uzi huo?"

"Kwa sababu ule uzi ulikuwa unanyonya maji vyumbani, mama. Maji yakitoka, hewa inaingia. Gamba likawa jepesi. Akanyanyuka kutoka chini ya bahari. Wenzake wote wanatambaa, yeye anaelea. Wajukuu wake wengine wakajikunja kama yale ya Lindi, wakaisha. Wengine wakaliingiza gamba ndani ya mwili, hao ni dome na ngisi. Pweza akaliacha kabisa."

Jiwe lile alilipata China alikokwenda kusoma. Mwalimu wake wa kule alimkabidhi kwa barua ili alichunguze, na Akwilina aliamini punje ile ni mmoja wa hao wa mwanzo kabisa. Mwalimu anayemsimamia hapa nyumbani hakuamini. Alisema ni kombe tu la kung'ang'ania mwamba.

"Kwani kuta hazionekani?"

"Hata kuta zikionekana hazitoshi. Yapo makombe yanayojenga kuta mbili tatu. Ushahidi ni mrija. Nimelipitisha kwenye mashine ya picha, lakini gamba ni chokaa na jiwe ni chokaa, mashine haioni kitu. Wiki ijayo Jumanne nasimama mbele ya jopo. Bila mrija, miaka yangu miwili imekwenda."

"Na punje ziko ngapi?"

"Hii hapa tu."

Kishor alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akanivuta pembeni.

"Da Somoe, hili liache. Umebakiza miezi miwili. Jiwe la watu, la nchi za watu, na ni moja. Likiharibika hakuna atakayekumbuka miaka thelathini na minne. Watakumbuka hilo tu."

Alisema kweli, na alisema kwa kunipenda. Nikamwambia anipe siku tatu, kisha nitamjibu.

Siku ya kwanza nilikwenda Feri, soko la samaki. Nawaambia hivi kwa sababu mtu hawezi kufungua kitu asichokijua. Pale sokoni nina rafiki, Mama Nasra, muuza pweza na ngisi, mwanamke mwenye kisu chepesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Nikamwambia nataka kuona ndani ya kila mmoja.

"Nyama huitaki?"

"Nyama uza. Mimi nataka mifupa."

"Leo umeamka na jini gani, Bi Somoe?" alisema, lakini akakata. Ndani ya ngisi akachomoa kile kijiti chembamba kinachong'aa kama plastiki. Ndani ya dome akatoa ule mfupa mweupe wanaowekewa kasuku tunduni. Nikaukata kwa wembe, nikautazama kwa lenzi. Wanangu, mfupa wa dome ni ghorofa. Sakafu juu ya sakafu, nyembamba kuliko karatasi, na katikati nguzo ndogo ndogo. Nikampa Mama Nasra lenzi. Akatazama, akautupa mfupa kwenye ndoo ya maji, ukaelea.

"Miaka yote hii nawapasua," akasema polepole, "sijawahi kujiuliza kwa nini huu hauzami."

Nikamweleza habari ya babu mwenye mrija. Akafikiri, akaingia nyuma ya meza yake, akatoka na mkebe wa maziwa. Ndani mlikuwa na vigamba vyeupe vidogo, vimejikunja kama pembe ya kondoo, ambavyo wanawe huviokota ufukweni Kigamboni. Mnyama wake hakuna aliyewahi kumwona sokoni. Nilikivunja kimoja palepale, na ndani kilikuwa na vyumba, na ukutani mwa kila chumba tundu la mrija, upande wa ndani wa pindo. Jioni nilipomwonyesha Akwilina alishika mdomo. Akasema hao ni jamaa wa ngisi, wanaishi kilindini, na punje yake kama kweli ina mrija, utakuwa upande huo huo wa ndani.

Kwa hiyo sasa nilikuwa na vitu vya kujifunzia. Nilivizamisha vigamba sita vya Mama Nasra kwenye plasta, vikakauka, nikavisaga kimoja kimoja nikitafuta mrija. Kusaga, siyo kukata. Hili liandikeni. Diski nyembamba kuliko zote ina unene wake, na unene huo unageuka vumbi. Kwenye jiwe la meza hupotezi kitu. Kwenye punje ya hindi, diski ingeula mrija wote na wewe usijue kama ulikuwepo. Unachukua kioo, unga laini, matone ya maji, na unasogeza jiwe kwa mwendo wa namba nane. Mizunguko kumi, unaosha, unatazama. Shida yake ni kwamba unachokisaga hakirudi. Ukisimama mapema huoni kitu, ukichelewa umekimaliza.

Cha kwanza nilipitiliza. Cha pili nilipitiliza. Cha tatu niliogopa nikasimama mapema, kisha nikajitia ujasiri nikapitiliza. Cha nne mwanangu alinipigia simu, nikashtuka nikapitiliza. Cha tano nikaupata mrija mzima, umekaa katikati ya kuta kama uzi ndani ya shanga. Cha sita nikaupata tena.

Nikaenda kwa Kishor. "Nimeharibu vinne, nimepata viwili."

"Viwili vipi?"

"Vya mwisho."

Alinitazama. Ana macho ya baba yake. "Jumapili asubuhi sitawasha mashine hata moja," akasema. "Na lile lango nitalifunga malori yasishushie mzigo hapo mbele, yasikutikise."

Jumapili Kariakoo hupumua kidogo asubuhi. Nilikunywa maji ya moto tu. Akwilina alikaa kulia kwangu na daftari na simu. Nililigandisha jiwe kwa nta kwenye kibao kidogo cha mbao ili vidole vipate pa kushika, nikapumua nje, nikaanza. Kumi, osha, tazama, picha. Kumi, osha, tazama, picha. Mwanzoni ni weusi mtupu. Kisha umbo la ukucha likaanza kupanuka. Kwenye picha ya kumi na nane kuta zikaonekana. Tulizihesabu sote wawili. Saba.

Akwilina akaiandika daftarini. Tukaendelea. Kuta zikawa wazi zaidi, lakini mrija hapana. Tena kumi, hapana. Akanishika mkono.

"Mama, tuishie hapa. Angalau nina kuta saba. Kombe halijengi kuta saba."

"Watakubali?"

Akaachia mkono wangu. Kisha akasema, "Hawatakubali."

Nikaweka jiwe chini, nikanawa mikono, nikalitazama kwa lenzi bila kuligusa. Nilikaa hivyo muda mrefu, na Akwilina nadhani aliona nimekwama. Nilichokuwa natazama ni upana wa umbo lenyewe. Gamba lililopinda, ukilisaga kuelekea katikati, umbo linapanuka. Ukivuka katikati linaanza kupungua. Nikamwambia anipe picha tatu za mwisho. Upande wa mdomo, umbo lilikuwa limeanza kupungua. Upande wa ncha, lilikuwa bado linapanuka.

Maana yake jiwe lilikaa mshazari. Mdomoni tulikuwa tumeshavuka katikati, na kama huko kulikuwa na mrija, tumeshausaga. Sikumficha. Nilimwambia, "Mwanangu, nimekosea kulilaza. Nusu ya mbele nimeipoteza. Imebaki ncha, kuta tatu. Nikikosa hapo, hakuna tena."

Hakulia. Aliuliza tu, "Unaweza?"

"Naweza."

Sijui nilitoa wapi neno hilo, lakini nililisema na sikulirudisha. Niliyeyusha nta, nikalaza jiwe upya, chini ya upande wa ncha nikaweka vipande viwili vya karatasi ili ncha iguse kioo kwanza. Nikapima, nikatoa karatasi moja, nikapima tena, nikairudisha. Kisha nikabadili hesabu. Tano badala ya kumi. Osha, tazama. Tano. Osha, tazama. Umbo la ncha likapanuka kwa unywele. Nikashuka hadi mizunguko mitatu. Tatu, hapana. Tatu, hapana. Tatu.

Upande wa ndani wa pindo kulikuwa na kivuli cha kahawia. Nikamwambia Akwilina asipumulie lenzi. Nikafanya mizunguko miwili, peke yake, kwa uzito wa kidole kimoja. Nikaosha.

Mrija ulikuwepo. Ulipita kuta zote tatu, na kila ukuta, pale ulipokutana na mrija, ulijikunja kidogo kurudi nyuma, kama kola ya shati inavyozunguka shingo. Kola tatu. Ilikuwa kazi safi kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kimetengenezwa na kiumbe au na fundi, na aliyeijenga ni mnyama mdogo kama punje, chini ya bahari, hakuna aliyemfundisha.

Nilimpa Akwilina lenzi. Alitazama. Akashuka kutoka kwenye stuli, akakaa sakafuni, juu ya vumbi, na sketi yake nzuri.

"Mama," akasema. Akanirudishia lenzi. Kishor akaniletea kikombe cha chai, na chai hiyo ilikuwa ya rangi, na niliinywa yote.

Jumanne nilivaa gauni langu la Idi. Akwilina alisisitiza niende. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, niweze kutoka nikizidiwa. Mbele walikaa watu watano, katikati yao profesa mmoja mzee anayenizidi umri, mwenye sifa ya kuwarudisha watu nyumbani. Akwilina alieleza yake. Kisha akaweka jiwe chini ya hadubini, akarudi nyuma hatua moja.

Profesa aliinama. Hakuinua kichwa kwa muda mrefu sana. Alipoinua, alimwashiria msimamizi wa Akwilina, yule aliyesema ni kombe. Naye akainama.

"Ni mrija," akasema yule msimamizi. Akamgeukia Akwilina. "Mimi nilikosea, mwalimu. Hili si kombe."

Niliona mabega ya Akwilina yakishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Nami nikadhani yameisha, nikaanza kutafuta mkoba wangu. Profesa akauliza:

"Nani amelisaga jiwe hili?"

"Fundi Somoe, wa Mchafukoge. Yupo pale nyuma."

Watu wote wakageuka. Nikasimama, kwa kuwa sikujua la kufanya jingine.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mama. Njoo mbele. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Hapa pamebaki unene mdogo kuliko unywele. Ulijuaje pa kusimama?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba mwanzo sikujua, nilikosea, nusu ya mbele niliipoteza, na aliangalie vizuri ataona. Nikamweleza jinsi umbo linavyopanuka na kupungua, na karatasi mbili, na vigamba sita vya Kigamboni, vinne nilivyoviharibu. Nikamwambia kwamba mizunguko mitatu zaidi, na Akwilina angeitwa mwongo hapa leo, na kosa lingekuwa langu. Nilisema yote kwa Kiswahili changu cha karakana. Hakuna aliyenikatisha.

Profesa alisimama. Mzee yule, na magoti yake, alisimama, akanipa mkono. Nyuma yake wakasimama wale wanne. Kisha akamwambia Akwilina, "Umefaulu. Lakini kuna sahihisho moja. Ukurasa wa kwanza hauna jina la fundi. Liandike, lote, na kazi yake, na mtaa wake." Na ukumbi ukapiga makofi, na Akwilina akanikumbatia mbele ya watu wote.

Basi sasa nimo kwenye karatasi ile: Somoe Bakari Mnalindi, fundi wa mawe, Mchafukoge. Miaka yote watu walikuja na mawe, wakaondoka na majibu, na majibu yakaandikwa vitabuni, na hakuna kitabu kilichosema nani alifungua jiwe. Sikuwa nimelalamika. Sikujua kama ni kitu mtu anaweza kupewa. Wanangu, mkifanya kazi nzuri, ombeni jina lenu liandikwe. Na mkiharibu, litajeni jina lenu vilevile, kabla hamjaulizwa.

Wiki yangu ya mwisho kazini, gari dogo lilisimama mbele ya karakana, likashusha masanduku matatu ya mbao. Kishor alisaini, akatafuta barua, akaifungua kwa mazoea. Akaisoma juu, akaikunja upesi, akaniletea.

"Siyo yangu," akasema. "Imeandikwa kwa jina lako."

Ilitoka kwa profesa. Mawe thelathini ya chuo, mengine ya Lindi, mengine ya nje, yamekaa stoo miaka na miaka kwa kukosa mtu wa kuyafungua. Aliniuliza kama nina nafasi.

Siku ile ile wenzangu walikuwa wameleta keki ya kuniaga kutoka kwa mwokaji wa mtaa wa nyuma, imeandikwa kwa sukari ya waridi: Kwaheri Somoe. Tuliikata, tukaila yote, neno la kwaheri akala Kishor. Kisha nikafunga aproni, nikachukua bisibisi, nikafungua sanduku la kwanza.